Kilo Kumi na Nane kwa Figo Moja

Mimi ni mkataji. Nakata sare za shule katika karakana iliyo ghorofa ya tatu, na wenzangu wananiita Mkasi. Wanasema ni kwa sababu ya kazi, lakini najua wanausema mdomo wangu. Siwezi kuuficha, maana katika habari hii mdomo huo ulifanya kosa, na aliyeumia hakuwa mimi.

Mwanamke ninayetaka kumweleza anakaa kwenye cherehani ya pili kutoka dirishani. Tunamwita Mama Pindo. Sketi, suruali, gauni, kila kinachotoka kwenye mlango wetu kimepita mikononi mwake kupigwa upindo. Ana miaka arobaini na mbili, watoto wawili walio sekondari, na mume dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Ana kicheko ambacho kikianza kule dirishani, mimi huku mezani nasahau kama nilikuwa nakata mkono wa kulia au wa kushoto. Na alikuwa mnene. Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu mwenyewe alikuwa akisema hivyo, tena kwa raha zake. "Mwili wangu, kitambaa cha bosi, wewe kinakuwasha nini?" Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyejitia mshauri, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kisha figo za mdogo wake zikafa.

Mdogo wake ni kitindamimba, fundi redio wa miaka thelathini na moja, na Mama Pindo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Anamwita Kitinda mpaka leo, mbele za watu, na mwenyewe ameshachoka kununa. Mara tatu kwa wiki Kitinda analazwa kwenye kiti cha hospitali saa nne nzima, mashine ikimsafisha damu. Ndugu wakapimwa. Kaka yao mkubwa ana kisukari, akaondolewa siku ile ile. Damu ya Mama Pindo ikapatana na ya Kitinda, na figo zake zote mbili zikaonekana nzima. Daktari wa figo, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, akamtazama juu ya miwani.

"Figo yako inafaa," akamwambia. "Ila kwa uzito huu siwezi kukupasua, nitakuhatarisha bure. Una kilo tisini na nane. Niletee themanini au chini ya hapo."

"Lini?"

"Polepole, na bila kuruka. Kilo moja au moja na nusu kwa mwezi itatosha. Ukitaka kukimbia, figo ndizo zitakazoumia kwanza, na hizo ndizo tunazozihitaji."

Alipanda ngazi zetu mchana huo akihema, akasimama katikati ya karakana. "Jamani, nina kilo kumi na nane za kutoa kabla sijatoa figo. Atakayenipitishia biskuti ni adui wa ukoo mzima." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaja mezani kwangu nimpime kiuno. Nikazungusha futi yangu: inchi arobaini na sita. Nikaandika kwa chaki ukutani, nyuma ya rafu ya paterni za karatasi, asione kila mtu.

Alianza kama mtu aliyepewa oda kubwa. Sukari kwenye chai akaacha siku ya kwanza, na siku ya kwanza hiyo hakuna aliyemsogelea, maana alikuwa mkali kama pasi. Wali ukawa nusu sahani, mboga zikajaa nusu iliyobaki. Nyuzi zikiisha hakumtuma mtu tena. Alikuwa akishuka mwenyewe stoo, ghorofa zote tatu, na kupanda tena na boksi moja moja ili apate sababu ya kushuka mara nyingine. Lifti ya jengo letu sitaitaja, haijafanya kazi tangu niajiriwe.

Na huko stoo ndiko matatizo yalikoanzia, kwa sababu stoo kuna mizani. Ni mizani ya kupimia marobota ya vitambaa, yenye sahani ya chuma chini na saa kubwa ya mshale juu. Mtunza stoo wetu ni mtu mpole, lakini ana sauti kubwa kuliko akili. Mama Pindo akipanda, yeye anasoma mshale na kutangaza, na ngazi zinatupelekea habari sote. Mwezi wa kwanza tulisikia "tisini na sita!" tukapiga makofi. Mwezi wa pili, "tisini na tatu na nusu!" Mpiga pasi akacheza katikati ya sakafu. Mama Pindo akapiga hesabu kwa vidole, akatuambia kwamba mwaka hautaisha Kitinda hajaachana na kile kiti.

Mwezi wa tatu mshale ukagoma. Tisini na tatu na nusu Jumatatu. Tisini na nne Jumanne, na Jumatatu usiku alikuwa amekula matango matupu. Tisini na tatu Alhamisi, tisini na nne na nusu Ijumaa. Akawa anapima asubuhi, anapima baada ya chai, anapima akitoka msalani. Akikuta imeshuka nusu, tunashinda vizuri. Ikipanda nusu, hasemi na mtu, na upindo wake siku hiyo unakaza mpaka kitambaa kinakunjamana. Alikuwa halishi mwili tena, alikuwa analisha ule mshale.

Ndipo asubuhi moja akaingia anameremeta. "Mkasi! Mizani imelala, lakini kiuno hakijalala. Nimejipima nyumbani. Arobaini na nne! Inchi mbili zimekwenda!"

Mtu mwenye busara angesema hongera, akaendelea kukata. Mimi nikasema, "Lete hiyo futi."

Akaitoa shingoni. Ni futi ya kitambaa aliyopewa alipomaliza kujifunza ushonaji, miaka ishirini iliyopita, na namba zake za mwanzo zimefutika kwa kushikwashikwa. Nikailaza mezani kando ya yangu, mwanzo kwa mwanzo. Mbele ya macho ya watu sita, arobaini na nne yake ikaangukia kwenye arobaini na tano yangu, ikapita kidogo.

"Futi yako imevutika," nikasema. "Umepungua inchi moja kasoro. Hiyo nyingine ni ya futi."

Mtu wa overloki, yule anayefunga kingo za vitambaa, akasema sasa anaelewa kwa nini wazazi wanatusifu kwamba sketi zetu ni ndefu, watoto hawakui wakaziacha haraka. Karakana nzima ikalipuka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimegundua jambo na nilijiona mjanja. Mama Pindo akaikunja ile futi, akaiweka kwenye droo, akarudi kwenye cherehani yake. Sikumsikia akicheka siku hiyo wala wiki hiyo.

Siku tisa zilizofuata alikunywa maji na kutafuna matango. Tulimwona, hatukuthubutu kusema. Asubuhi maji, mchana tango, jioni anatembea kwa miguu mpaka kwake. Stoo ikatangaza tisini na moja, ikatangaza tisini, ikatangaza themanini na tisa na nusu. Mtunza stoo alidhani analeta habari njema. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Mama Pindo aliegemea cherehani kama anayetafuta uzi ulioanguka, na hakuinuka. Tulimlaza juu ya marobota ya kaki, mpiga pasi akimpepea kwa paterni ya kola. Alipofumbua macho aliniona mimi kwanza, akafumba tena, na sikumlaumu.

Hospitali walimtundikia dripu, wakapima damu na mkojo. Daktari wa figo alishuka mwenyewe kutoka ghorofani kwake na karatasi ya majibu mkononi.

"Nilikwambia figo ndizo zitaumia kwanza. Tazama. Majibu haya yangekuwa ya mgeni, ningemwambia asiwaze kabisa kumtolea mtu figo. Miezi mitatu sitaki kusikia habari ya upasuaji. Kula. Ukitulia, yatarudi sawa. Ukirudia mchezo huu, nafunga faili."

Mimi nilikuwa pale mlangoni nimeshika mkoba wake. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utotoni. Miezi mitatu ya mashine kwa Kitinda ni viti karibu arobaini, na katika hivyo arobaini chochote kinaweza kutokea. Mama Pindo aliyajua hayo kuliko mimi. Hakulia. Aliomba tu tumpeleke upande wa pili wa jengo, kwa mdogo wake, maana ilikuwa siku ya mashine.

Kitinda alikuwa amelala kitini, mirija miwili mkononi, gazeti kifuani. Alishapata habari; hospitalini habari zinakwenda haraka kuliko manesi. Akamtazama dada yake kutoka juu mpaka chini.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba."

"Leo nimeingia hapa na kilo sitini na nne na nusu. Saa nane nitatoka na sitini na mbili. Kilo mbili na nusu kabla ya chakula cha mchana. Mbona hunipigii makofi?"

"Kitinda, acha utani. Hayo si maji tu wanayokutoa?"

"Na wewe zile kilo nne ulizotoa kwa siku tisa, ulidhani ni nini? Almasi?"

Mama Pindo akaitazama ile mirija.

"Dada, mimi wananipima nikiingia, wananipima nikitoka, mara tatu kwa wiki. Miezi yote hii. Nikinywa kikombe kimoja zaidi, mizani inasema. Nikila chumvi, inasema. Nikivaa viatu, inasema. Ningekuwa nakasirika kila ikipanda, ningeshakufa kwa hasira figo hazijapata nafasi. Mizani haijui mafuta wala maji, inajua uzito tu. Ukiisikiliza kila saa itakutia wazimu. Isikilize kwa mwezi."

"Nakuona unavyoisha kwenye hicho kiti, halafu mimi nikae nasubiri mwezi?"

"Ndiyo, usubiri. Ukiharibu na hizo zako tutawekewa viti viwili hapa, mimi na wewe. Nani atatuletea chakula? Kaka? Kaka unamjua."

Hapo ndipo Mama Pindo alipocheka, kicheko kidogo kilichokatika njiani na kugeuka kilio. Alilia akiwa ameshika mguu wa mdogo wake juu ya shuka, kwa sababu mkononi palikuwa na mirija. Mimi nikatoka kwenda kutazama ukuta wa nje.

Nilirudi kazini nikiwa na deni la maneno, na maneno ya kuomba radhi sijawahi kuyaweza. Nikafanya ninachokiweza. Nilichukua karatasi ya kaki ya kukatia paterni, urefu wa meza nzima, nikachora mstari wa wiki chini na mstari wa kilo pembeni. Nikamwendea mtunza stoo nikamwambia kuanzia leo Mama Pindo anapima Jumatatu asubuhi tu, kabla ya chai, bila viatu, na namba aninong'oneze mimi. Akiipaza, nitamkata ulimi kwa mkasi huu huu. Mama Pindo aliporudi kazini baada ya wiki tatu, nikamwita.

"Wewe upindo unaukagua vipi?" nikamwuliza.

"Unajua ninavyoukagua. Natundika sketi, narudi nyuma, natazama."

"Huuweki puani ukahesabu mshono mmoja mmoja?"

"Nikiuweka puani kila mshono umepinda."

Nikampa chaki. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Hii ndiyo samahani yako, Mkasi?"

"Ndiyo hiyo. Sina nyingine."

Akaichukua, akaweka nukta yake ya kwanza. Kwa kula vizuri wiki hizo tatu uzito ulikuwa umerudi kilo tisini na mbili. Aliweka nukta hapo bila kuuma midomo, na mimi nikajifanya nanoa mkasi.

Tangu hapo sikumwona akikimbia tena, na sikumwona akisimama. Akirudi nyumbani anashuka vituo viwili kabla na kutembea. Mchana anakula, sahani yake ni ile ile, haiongezi siku ya furaha wala haipunguzi siku ya hasira. Watu waliomzunguka walikuwa na ushauri mwingi kuliko nyuzi za stoo: mmoja ana majani ya kuchemsha, mwingine ana mkanda wa kufunga tumboni, jirani yake ana binti aliyetoa kilo kumi kwa wiki mbili. "Huyo binti ana figo anayoisubiria mtu?" alikuwa akimjibu. "Basi mwache akimbie."

Nukta zilikwenda zinavyotaka. Wiki tatu zinashuka, wiki moja inapanda, wiki mbili zimelala. Mwezi mmoja mzima zilikaa kwenye themanini na nane kana kwamba zimelipa kodi. Kila nukta nne mimi nachukua rula ya kupinda, ile tunayochorea makwapa, napitisha mstari katikati yake. Mstari ulikuwa unateremka. Haukuwa mzuri, una vituta, lakini hakuna aliyeweza kusema unapanda.

Majibu yake yakarudi sawa baada ya miezi mitatu, kama daktari alivyosema. Mwezi wa nane, wakati yuko themanini na sita, mkono wa Kitinda ukashika maambukizi pale wanapotia mirija. Homa ikampanda, akalazwa siku kumi na moja, na siku mbili kati ya hizo hatukujua kama atatoka. Mama Pindo alikaa kwenye benchi la korido akila mkate na soda, kwa sababu ndivyo vilivyouzwa pale mlangoni, na kwa sababu mtu anayeogopa anatafuna. Alirudi na themanini na nane na nusu. Nilimwona amesimama mbele ya ile karatasi na chaki mkononi, muda mrefu, nami nikawaza kwamba sasa ndiyo basi, ataichana. Ningekuwa mimi ningeichana.

"Mkasi," akasema bila kugeuka, "kilo hizi mbili na nusu nilishazitoa. Njia yake ninaijua." Akaweka nukta juu, mahali pake, akarudi kwenye cherehani. Zilimchukua wiki tisa. Alizitoa tena.

Wiki iliyopita, mwezi wa kumi na tano tangu aambiwe, mizani ya hospitali ilisoma sabini na tisa na nusu. Alitupigia simu kutoka korido, na mtunza stoo akaitangaza mpaka mtaa wa pili, na safari hii sikumkata ulimi. Tukadhani kilichobaki ni kusaini tu.

Jioni yake alikuja karakana, tukiwa tumebaki watu watatu, akavuta kigoda mezani kwangu na kunieleza kilichotokea. Daktari alikuwa amewatoa nje wote, Kitinda, kaka mkubwa, hata nesi. Akafunga mlango.

"Kuna watu wanakubali kwa sababu ndugu wanawatazama," daktari akamwambia. "Kwa hiyo naomba nikuulize ukiwa peke yako. Ni mwili wako, na ni upasuaji mkubwa. Kama hutaki, niambie sasa hivi. Mimi nitatoka nje nitawaambia kwamba bado hufai, uzito wako hauruhusu. Wote wanajua ulivyohangaika nao, wataelewa. Hakuna atakayekulaumu, na mdogo wako hatajua kamwe."

Mama Pindo aliutazama ule mlango uliofungwa. Aliutazama mpaka daktari akavua miwani, akasogeza faili, akafungua kalamu.

"Mkasi, niliogopa," aliniambia. "Mwaka na zaidi nimekuwa nikiogopa mizani, sikupata hata siku moja ya kuogopa kisu. Unene ulikuwa umesimama mlangoni, kisu kiko huko nyuma yake. Sasa nimeuondoa mwenyewe kwa mikono yangu, na mlango uko wazi. Na yule mama ananiambia, ukitaka tutaurudisha pale mlangoni, kwa karatasi tu. Unajua nilikaribia kusema ndiyo?"

Nikaweka mkasi mezani.

"Nikamtazama anavyoshika kalamu. Nikamwambia, Daktari, naogopa. Andika kwamba naogopa, hiyo ni kweli. Lakini unene usiusingizie. Hizo kilo nimezitoa moja moja, na nyingine nimezitoa mara mbili. Andika sabini na tisa na nusu, halafu unipe tarehe."

Akampa. Ni Jumanne ijayo.